Challenger Iliyooshwa Alhamisi

Simu ilianza kulia kabla Bernadette Gawlik hajavua miwani. Tangazo alikuwa amelibandika mtandaoni dakika ile ile, kidole kimoja kwa kila herufi, huku mumewe Leonard akimsomea maneno kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu: gari aina ya Dodge Challenger R/T ya mwaka 1970, injini ya 440, zambarau ya kiwandani, mmiliki mmoja, haijawahi kupakwa rangi upya. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamepigiwa na watu kumi na mmoja. Kufikia jioni Bernadette alikuwa akipokea simu kwa kusema "Bado lipo" hata kabla ya salamu, mpaka dada yake aliyepiga kutoka Toledo akataka kujua ni kitu gani hicho ambacho bado kipo.

Walihitaji dola elfu thelathini na nane, na si pungufu. Hiyo ndiyo bei ya vani ya Wanda Zielke, mjane aliyekaa mitaa minne kutoka kwao, hapo hapo mjini Hamtramck. Vani hiyo ilikuwa na mlango wa ubavuni unaojifungua wenyewe, na chini ya mlango kilitoka kidaraja cha chuma kikateremka hadi barabarani, mtu akapanda na kiti chake bila kubebwa na yeyote. Marehemu Zielke alizunguka nayo nusu ya Michigan. Bernadette alikuwa amempigia Wanda mara tatu kuomba apunguziwe, na mara zote tatu alijibiwa kwa sauti ya mtu anayekata kitunguu.

"Bei ni bei, Bernadette. Kuna mtu wa Sterling Heights anaitaka. Nakungojea mpaka Jumapili, na hiyo ni kwa sababu tunasali kanisa moja."

Leonard alikuwa na miaka sabini na minne. Sukari ilimla mguu wa kushoto, ukakatwa chini ya goti miezi kumi na minne iliyopita. Nyumba yao ilikuwa na ngazi tisa nyembamba mbele na nane nyuma, na yeye alikuwa na kilo mia na kumi. Nasser, jirani yao Myemeni, alikuwa amekuja mara nyingi kusema kwamba yeye na ndugu zake wanaweza kumteremsha mzee uani wakati wowote, wala si kazi. Leonard alimshukuru kila mara na kukataa kila mara. Kubebwa na wahudumu wa hospitali alivumilia kwa sababu wale walilipwa. Kubebwa na majirani, watu wakichungulia madirishani, hapana. Basi dunia yake ikawa chumba, choo na dirisha la jikoni, na gereji iliyokuwa hatua ishirini nyuma ya nyumba hakuwahi kuingia tena.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua gari liuzwe. Alilisema mezani, akipaka siagi kwenye mkate, kwamba gari lisiloenda popote na mtu asiyeenda popote ni wengi mno kwa kiwanja kimoja, mmoja lazima aondoke. Bernadette aliinuka. Alikwenda kutafuta miwani yake.

Jumanne walikuja ndugu wawili kutoka Warren, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wote wamevaa jaketi za mtindo mmoja. Kwa kuwa Leonard hangeweza kufika gereji, walikuwa wamebuni njia: yeye akae dirishani na simu yake, Bernadette atie simu yake ndani ya mfuko wa aproni ikiwa wazi, sauti ya juu, ili mumewe asikie kila kitu na kujibu panapohitajika. Wale ndugu hawakuambiwa. Mnene alipitisha sumaku kwenye mabati ya ubavuni kutafuta palipozibwa, akatikisa kichwa. Mwembamba alipiga magoti nyuma ya gurudumu na kukawa na sauti ya kitu kinachochokonoa.

"Mwambie atoe bisibisi yake kwenye gari langu," aproni ikasema.

Mwembamba aliruka akagonga kichwa. Bernadette ilimbidi atazame ukutani ili asicheke. Lakini kicheko hakikudumu, maana mnene alianza kumweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu asiyesikia vizuri, kwamba kutu imekula sakafu, kwamba viti vimechanika, kwamba hata panya wamehama. Kwa huruma tu, kwa sababu anamwona ni mama mtu mzima, angempa elfu tisa. Alipoona haitikii, akasema kumi na mbili, na akaanza kutoa noti na kuziweka juu ya boneti moja moja, huku akimtazama usoni.

Bernadette alizitazama zile noti. Miaka ishirini na sita alikuwa amewapakulia chakula watoto wa shule, na alimjua mtu anayedhani sahani ya mwenzake ni yake. Alimwambia achukue pesa zake asije akazisahau. Walipoondoka, alirudi ndani.

"Elfu kumi na mbili," alisema jikoni. "Leonard, na kama ndiyo thamani yake?"

"Injini peke yake inazidi pesa za huyo," Leonard alisema. "Tulia, mama. Wamekuja mafisi kwanza. Wanaojua gari wanakuja."

Na kweli anayejua gari alipiga Jumatano. Bernadette alikuwa dukani kununua mkate. Aliporudi alimkuta Leonard amejaa wekundu usoni na kiti chake kinakwenda sakafuni, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mtu huyo aliitwa Orrin Teague, alikuwa Kentucky, na hakuwa mtu wa kununua gari lililowahi kupakwa rangi upya. Alizitazama picha za tangazo kwa saa mbili. Alisema elfu arobaini na tano. Angekuja Ijumaa, mwendo wa saa sita barabarani, na alikuwa na ombi moja tu, lisiguswe kitu.

"Arobaini na tano?" Bernadette alikaa na koti lake mwilini, mkate mapajani.

"Na tano. Tutanunua vani na ile saba itabaki, utatengeneza meno yako."

Usiku ule walilala kama watu wanaosafiri kesho yake. Bernadette aliamka alfajiri ya Alhamisi akiwa na furaha ambayo hakujua aipeleke wapi, na mwanamke wa Hamtramck akiwa na furaha asiyojua aipeleke wapi, huipeleka kwenye ndoo. Mama yake alikuwa akisugua hata njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba, kwa brashi na sabuni, kila Jumamosi, na hakuna mgeni aliyewahi kukanyaga nyumba ya Bernadette kabla sakafu haijakauka. Sasa anakuja mtu kutoka Kentucky, analeta elfu arobaini na tano, aje akute gari limejaa vumbi la miaka, majani makavu chini ya boneti, na mavi ya njiwa? Atasema nini huko kwao? Alikumbuka kwamba lisiguswe kitu. Lakini kugusa ni kufungua, ni kubadilisha, ni kugongagonga. Kusafisha si kugusa.

Leonard alimpigia kutoka dirishani kuuliza anafanya nini huko kwa muda mrefu. Akajibu kwamba anafagia gereji kidogo.

Alifagia kweli. Kisha akaosha. Aliosha paa, milango, rimu moja moja kwa mswaki wa zamani. Aliingia ndani na mashine ya kufyonza vumbi. Alifungua boneti, na humo ndani alipata kazi ya maana: weusi, mafuta yaliyoganda, na kwenye bati la nyuma ya injini maandishi ya njano, tarakimu na mistari kama ya mtoto aliyecheza na chaki. Yalikataa kutoka kwa maji. Yalitoka kwa sabuni ya masufuria na sifongo la waya. Kufikia saa tisa zambarau ile iling'aa kiasi kwamba alisimama mlangoni pa gereji, mgongo ukimuuma, akajiona ni mwanamke mwenye akili na bidii, na akapiga picha moja ya kumtumia dada yake.

Orrin Teague alifika Ijumaa saa nane mchana na lori la kubebea gari. Alikuwa mzee mwembamba mwenye suruali ya kitambaa na shati lililopigwa pasi, na alimwamkia Bernadette kwa kuvua kofia. Bernadette alimpenda papo hapo. Simu ikiwa mfukoni mwa aproni, walitembea hadi gereji, Bernadette akanyanyua mlango kwa mikono miwili kama anayefungua pazia.

Teague aliingia polepole. Alilizunguka gari mara moja. Aligusa bati la mbele kwa kidole kimoja, akakinusa kidole. Akawasha kurunzi, akafungua boneti, akakaa humo ndani muda mrefu. Halafu alitafuta mahali pa kukaa, akapata ile ndoo, akaigeuza na kuikalia.

"Mama," alisema, "nani ameliosha?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana." Sauti yake bado ilikuwa na fahari. "Siku nzima. Usione hivi, lilikuwa chafu sana."

Teague alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza Bernadette kuliko noti za yule mnene. Alimweleza taratibu. Bati lile la nyuma ya injini lilikuwa na maandishi ya njano. Aliyaona kwenye picha. Yaliandikwa na mkaguzi wa kiwandani mwaka 1970, gari likiwa linapita mbele yake, na yalikaa miaka hamsini na miwili. Magari ya namna hii yaliyong'aa yapo mengi, mtu anaweza kung'arisha lolote. Ambayo bado yana mkono wa mkaguzi hayafiki ishirini. Vumbi lenyewe lilikuwa ushahidi kwamba hakuna aliyeingiza mkono. Alisema hayo yote bila kupandisha sauti, akitazama viatu vyake.

Bernadette aliuona mkono wake mwenyewe ukisugua. Alikumbuka jinsi alivyokaza pale kwenye tarakimu ya mwisho, ambayo haikutaka kutoka.

Teague alinyanyua kiti cha nyuma, na ndani ya springi akapata karatasi ya kiwanda iliyokunjwa, namba zake zikilingana na za gari. Hiyo, alisema, ndiyo imeliokoa gari. Hesabu aliyoiweza sasa ilikuwa elfu thelathini na nne. Si kwa kumkomoa. Ndiyo thamani.

Elfu kumi na moja kwa ndoo moja. Na elfu nne pungufu ya bei ya Wanda. Bernadette alishika ukingo wa aproni yake na kungoja sauti itoke mfukoni. Haikutoka. Alidhani simu imezimika. Aliitoa, akaona bado iko hewani, na dakika zinaenda.

"Leonard," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nilidhani..." Hakuwa amelia kwenye uzazi wala kwenye mazishi ya mama yake mbele za watu, na sasa alilia mbele ya mtu wa Kentucky, pindo la aproni machoni. "Nilitaka lipendeze tu."

Kisha Leonard akasema, "Mwite Nasser. Aje na ndugu zake. Natoka."

Walikuja watatu wakiwa bado na kanzu za Ijumaa, mikono yake wameikunja. Leonard alihamishiwa kiti cha jikoni, kwa sababu kile cha magurudumu hakingepita ngazini, wakamshika kila pembe, Teague akiwa wa nne. Ngazi ya kwanza, ya pili. Mama wa nyumba ya jirani alifungua dirisha lake wazi kabisa. Leonard alitazama mbele, uso mwekundu, taya zimekaza, mguu mtupu wa suruali ukining'inia na kupepea. Bernadette alitembea nyuma amebeba mto, na alijua vizuri kabisa anachokilipa mumewe kwa zile ngazi nane, na anakilipa kwa ajili ya nani.

"Mjomba, umekula nini?" Nasser alisema akihema. "Sisi tulidhani tunabeba mtu mmoja."

"Nyamaza, usiniangushe," Leonard alisema, lakini pembe ya mdomo ilimcheza.

Walimweka mbele ya gari. Alilitazama kwa muda. Kisha alimgeukia mkewe, siyo Teague.

"Limetakata," alisema. "Hata siku nalitoa kiwandani halikuwa safi hivi."

Ndipo Teague alipojua kwamba mzee huyu alikuwa fundi wa viti kwenye kiwanda kile kile lilikoundwa, pale mwisho wa barabara, na kwamba karatasi ile aliikunja mwenyewe na kuitia kwenye springi za gari ambalo alishaliwekea jina lake. Hakuongeza bei, hakuwa mtu wa aina hiyo. Lakini alivua kofia mara ya pili.

"Thelathini na nne ni sawa," Leonard alisema. "Ila hujalisikia. Mtu ataniambiaje amenunua 440 ambayo hajaisikia? Nipandisheni. Nazunguka mtaa mara moja, bwana huyu kando yangu, halafu tunapeana mkono."

Bernadette alitaka kukataa. Gia ilikuwa ya otomatiki na mguu wa kulia ulikuwapo, hilo kweli, lakini miezi kumi na minne. Wanaume wanne walishamtia nyuma ya usukani kabla hajafungua mdomo. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika, na gereji nzima ikatetemeka pamoja na makopo ya rangi kwenye rafu. Leonard alicheka kwa sauti ambayo mkewe alikuwa ameisahau. Gari likatoka kinyumenyume, likanyooka, likapotea kwenye kona.

Kuzunguka mtaa ni dakika tatu. Zilipita kumi. Bernadette alimpigia, na simu ikasikika ikilia jikoni, juu ya meza, kando ya chupa ya chumvi. Zilipita ishirini. Alisimama katikati ya barabara na slipa zake. Akilini aliona gari limegonga mti. Aliona moyo wa Leonard umesimama kwenye taa nyekundu. Halafu akaona jambo jingine lililomwogopesha zaidi: amebadili nia, hauzi, na Jumapili itapita, na vani itakwenda Sterling Heights, na yeye atazeeka akimtazama mumewe dirishani.

"Nimemkosesha elfu kumi na moja, Nasser," alisema. "Kwa sabuni ya masufuria."

"Mama, mimi gari langu likioshwa bure nasherehekea," Nasser alisema. Akaleta kiti akamkalisha kando ya barabara.

Zilipita dakika hamsini ndipo ngurumo ikasikika, mbali kwanza, halafu kwenye kona. Challenger ilikuja taratibu, dirisha wazi, kiwiko cha Leonard nje kama kijana wa miaka ishirini na mbili. Teague alikuwa kando yake ameshika kofia kwa mikono miwili, anacheka mpaka machozi. Na nyuma yao, ikiwa imewasha taa zote, ilikuja vani.

Wanda Zielke alishuka kutoka nyuma ya usukani na aproni yake mwenyewe.

"Huyu mumeo ana wazimu," alimwambia Bernadette. "Dakika kumi anapiga honi uani kwangu. Nimetoka na ufagio nikidhani ni wahuni."

"Singeweza kushuka kubisha hodi," Leonard alisema kutoka dirishani. "Nilimwambia ukweli. Nina elfu thelathini na nne na mguu mmoja, achague anachotaka."

"Mguu sina kazi nao." Wanda alifuta pua kwa mgongo wa mkono, kwa hasira. "Wewe kwenye simu ulikuwa unaongea bei tu, Bernadette. Bei, bei. Hukuniambia hata siku moja kwamba hatoki nyumbani. Zielke wangu angenirudia ndotoni." Alimtupia funguo. "Pesa Jumatatu."

Teague alitoa elfu tano taslimu papo hapo, nyingine benki yake ingetuma, na mikono ikapeanwa dirishani. Nasser na ndugu zake walimhamishia Leonard kwenye kile kiti cha jikoni, na Challenger ikapanda juu ya lori kwa nguvu zake yenyewe. Leonard aliitazama hadi ikafungwa minyororo, mara moja tu akasafisha koo, kisha akaulizia kiti chake. Bernadette alikwenda kukileta mbio, akakikunja na kukiburuza ngazi zote nane kikigonga kila ngazi.

Wanda alibonyeza kitufe. Mlango ukafunguka, kidaraja kikateremka. Bernadette alishika vishikio vya nyuma ya kiti ili asukume, Leonard akaiondoa mikono ya mkewe mmoja baada ya mwingine. Alipanda kwa mikono yake mwenyewe, akasimama ndani, akageuza kiti, akateremka tena hadi barabarani. Halafu akapanda mara ya pili, bila sababu yoyote, watu wote wakimtazama, na safari hii hakujali.

"Unangoja nini?" alimwambia mkewe. "Ingia. Washa."

Aliingia na slipa na aproni. Alivuta kiti mbele, akarekebisha kioo hadi akamwona mumewe ndani yake. Walifika mwisho wa mtaa, kwenye alama ya kusimama, na Bernadette mikono ikaanza kuzungusha usukani kulia yenyewe. Miezi kumi na minne, kila mara Leonard alipotolewa nyumba ile kwa machela, gari la wagonjwa lilikata kulia, na yeye akifuata nyuma, kwenda hospitali. Hapakuwa na safari nyingine waliyoijua.

"Kushoto," Leonard alisema.

"Kuna nini kushoto?"

"Sijui. Kata tu."